Sikio la Mwalimu Ndambuki

Nyinyi mnaorekodi kwaya kwa simu, nawasalimu. Sina ugomvi na simu zenu. Nimezisikia, na zingine zinatoa sauti safi kuliko mashine niliyoibeba begani nusu ya maisha yangu. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kunasa wimbo na kuutuma kwa watu mia kabla hujausikiliza mwenyewe hata mara moja. Ketini kidogo. Nimestaafu, nina wakati, na nina kosa moja la kuwasimulia ambalo si la kuchekesha. Ya kuchekesha pia ninayo, na nitaanza na hayo ili msinikimbie.

Nilikuwa fundi wa kurekodi kwaya. Chumba changu kilikuwa mjini Wote, nyuma ya duka la kutengeneza redio, na kanisa lolote lililokuwa na kwaya, kuanzia kwetu Kalamba mpaka kusini mwa Kitui, nililifikia. Niliwahi kurekodi ibada nzima ya mavuno nikiwa nimebonyeza kitufe cha kusimamisha. Nilitikisa kichwa, nikapiga mguu, nikafurahia kila wimbo, na nilipofika nyumbani kanda ilikuwa tupu. Mara nyingine kuku alitaga chini ya mimbari, akatangaza habari zake katikati ya ubeti wa tatu, na mimi sikumsikia kwa sababu nilikuwa nikitazama sindano ya mashine badala ya kutumia masikio. Kanda ile ilipendwa sana. Watu walikuja dukani wakaiomba kwa jina: "Nipee ile ya kuku."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Masila, mtu mfupi, mkali, asiyependa maelezo marefu. Kabla ya kufungua mashine alikuwa akiingia kanisani peke yake na kupiga makofi mara moja. Makofi yakirudi kwa kelele, alitoka akaomba mablanketi ya kutundika madirishani. Akina mama wenye bangili aliwaomba wazivue. Jenereta hakutaka hata kuliona, kwa hiyo tulitumia betri. Tena hakurekodi baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu jua la kwetu likishika mabati yanaanza kutatarika, na hakuna fundi duniani anayeweza kuutoa mlio huo kwenye wimbo. Haya yote hayamo kwenye simu zenu. Yaandikeni.

Alinifundisha jambo lingine ambalo mimi nililiharibu. Alisema kazi ya fundi ni kunasa kilichokuwepo, si kile ambacho fundi anadhani watu watakipenda. Nilimwitikia, na alipoondoka nikaanza kukatakata. Nilikata kikohozi, nilikata mtoto anayelia, nilikata mwalimu wa kwaya akitoa sauti kabla ya wimbo. Nilitaka kanda zangu zianze na wimbo na kuishia na wimbo. Watu walizisifu kwa usafi, na mimi sifa zilinipendeza kupita kiasi.

Sasa nije kwa Mwalimu Ndambuki.

Wengi wenu mmeimba nyimbo zake bila kujua ni zake. Alikuwa mwongozaji wa kwaya pale Wote, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilovaa hata kwenye joto. Hakutumia fimbo ya kuongozea, alitumia penseli. Mfukoni alikuwa na kichuma chenye meno mawili kama uma, cha kutolea sauti. Ukikigonga, kinatoa noti moja, ile ile, kesho na keshokutwa. Alikigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza ili mbao zikuze mlio, kwaya ikachukua sauti hapo. Walimu wengi wa kwaya hufanya hivyo. Lakini Ndambuki alikuwa akikigonga tena wimbo unapoisha. Kwaya ikiwa imeshuka au imepanda hata kidogo, ilijulikana mbele ya watu wote. Hicho ndicho kilichokuwa kiburi chake: kwamba waimbaji arobaini, bila kinanda, walitoka mahali na kurudi pale pale.

Mwaka jana binti yake, Mwende, alifika kwangu Kalamba na katoni ya kanda za baba yake. Mwende naye sasa anaongoza kwaya huko Wote. Kanisa lilikuwa limempa kazi ya kukusanya nyimbo za mzee wake ziwekwe pamoja, na aandike maneno machache juu yake angali hai. Alitaka mtu wa kumwambia kanda ipi ni nzima, ipi ni mbovu. Chai ilipofika aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Baba Mutheu," akaniambia, "nataka uniambie ukweli. Sikio ya baba yangu iliharibika lini?"

Nikamuuliza ni nani amesema liliharibika.

"Ni yeye mwenyewe. Ameniambia niweke nyimbo zote mpaka ile safari ya Mutomo. Kutoka hapo nisiweke hata moja. Anasema alikuwa ameshakuwa kiziwi wa noti na hakuna mtu alimwambia."

Nilijua kwamba Ndambuki aliacha kuongoza kwaya mwaka mmoja baada ya Mutomo. Sote tulijua. Tulidhani amechoka, au amekosana na wazee wa kanisa. Sikuwahi kusikia habari za sikio, na safari ile ya Mutomo, kusini mwa Kitui, fundi nilikuwa mimi.

Tuliketi siku tatu sebuleni kwangu. Mke wangu alitupatia mablanketi ya kuziba madirisha na akatuonya tusiyachafue. Niligawa ukurasa wa daftari mara mbili, upande mmoja makosa ya kwaya, upande wa pili makosa ya fundi. Upande wa pili ulijaa kwanza. Kanda za mwanzo zinavuma kama maji yanayochemka. Kwenye zingine besi hazisikiki, na watu wamesema miaka yote kwamba Ndambuki hakuwa na besi. Alikuwa nazo, tena nzito. Maiki niliiweka mbele ya wasichana wa sauti ya kwanza, kwa sababu ambazo mke wangu anazijua na hazihusiani na muziki.

Kupima kazi ya mwongozaji kuna ugumu wake. Mwimbaji unamsikia, mpiga kinanda unamsikia, lakini yeye aliyewaongoza wote hana sauti yake kwenye kanda. Unamtafuta wapi? Mimi humtafuta kwenye pumzi. Sikiliza mahali kwaya inapovuta hewa. Wakivuta hovyo hovyo, hakuna mtu mbele yao. Kwaya ya Ndambuki ilivuta pumzi mara moja, wote, halafu kukawa na kimya kidogo sana kabla neno halijaanza. Kimya kile ni chake. Nilimwonyesha Mwende, naye akafunga macho akasema, "Huyo ni Nau kabisa." Nau ni baba kwa Kikamba, na alilitamka kama mtoto.

Siku ya tatu tukafika kanda ya Mutomo.

Kama hamjui wimbo wake wa mvua, ulizeni wazazi wenu. Ni sala ya watu wanaongoja mvua, na kwenye kanda ile unaanza taratibu, halafu unaongeza mwendo, na sauti inapanda, inapanda, mpaka mwisho wasichana wanaimba juu kabisa na mbio. Watu waliupenda mno. Walisema ni mawingu yanayokusanyika. Kwaya za makanisa mengine zikaiga, na mpaka leo ukienda kwenye mashindano utasikia mtu akisema wanaimba kwa kupanda, kama Ndambuki. Hakuna sifa ya mwalimu yule iliyoenea kuliko hiyo.

Mwende aliuweka kwenye kompyuta yake, na mstari ukaonekana ukipanda polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanitazama. "Unaona? Sauti imepanda tone na nusu. Si alikuwa na kile kichuma? Aliwezaje kuwaachilia wakapanda hivyo na asisikie?"

Hapo nilitamani mgeni abishe hodi. Hakuna aliyebisha. Basi nikamweleza, na sasa nawaeleza nyinyi.

Tulienda Mutomo na kwaya nzima kwa ufunguzi wa kanisa. Nilikuwa na betri mpya, lakini jioni tuliyofika kulikuwa na mpira redioni, betri za redio ya mwenyeji wetu zilikuwa zimekufa, na mimi nikatoa zangu ili nionekane mtu. Asubuhi zilikuwa zimelegea. Nikafanya kile ambacho kila mmoja wetu alifanya nyumbani kwao: nikazianika. Nilizipanga juu ya ukuta wa choo cha mwenyeji, jua la Mutomo likazichoma, na nilipozirudisha kwenye mashine sindano ya kupima nguvu ilisimama juu, safi kabisa. Nilijisifu moyoni kwamba nimewaokoa.

Betri iliyoanikwa ina nguvu ya muda tu. Ilibeba nyimbo sita vizuri. Wa saba, wa mwisho, ulikuwa ule wa mvua, na ni mrefu. Hapo betri zilianza kuchoka huku kwaya ikiimba. Sasa fuateni hili kwa makini. Mashine ikichoka wakati wa kunasa, kanda inakwenda polepole. Kanda hiyo ukija kuicheza kwenye mashine yenye nguvu kamili, kila kitu kinatoka haraka na juu zaidi kuliko kilivyoimbwa. Na kwa kuwa betri zangu zilikufa kidogo kidogo, wimbo nao ulipanda kidogo kidogo. Kwaya haikupanda. Mawingu yale mliyoyapenda yalikuwa betri zangu.

"Na ulijua?" Mwende akauliza.

Nilijua nusu. Niliporudi Wote nikaicheza, nilishtuka. Nilifikiria betri. Kisha nikajiambia labda kwaya ilisisimka na ufunguzi, labda ni joto. Ile nusu iliyobaki sikuitafuta. Nikafanya nilivyozoea: nikakata kichuma cha mwanzo, nikakata na kichuma cha mwisho, nikatoa nakala. Watu wakazipenda, na baada ya hapo nilinyamaza.

Mwalimu alikuja dukani baada ya wiki mbili hivi. Alikuwa na nakala yake mkononi. Hakukaa.

"Fundi, hii kanda ni sawa?"

"Ni sawa, Mwalimu. Watu wanaililia."

"Mimi nauliza kama ni sawa. Siku ile nilipiga kichuma mwisho, na nilisikia wako pale pale. Hapa wako juu."

Naye nikamjibu neno ambalo nimeishi nalo: "Mwalimu, kanda haidanganyi."

Akasema asante, akatoka. Nilidhani tumemaliza. Sikujua kwamba alienda nyumbani akiwa ameamini kwamba siku ile, mbele ya wageni wote, kichuma kililia na sikio lake likamwambia uongo. Aliongoza mwaka mmoja zaidi kwa woga, akimwuliza kila mtu kama wameshuka, kama wamepanda, kisha akaacha. Mwende aliniambia hayo akiwa amesimama. Hakuniita Baba Mutheu siku hiyo tena.

Nakala zote nilikuwa nimezikata, lakini kanda mama, ile iliyonasa kwaya yenyewe, sikati. Hiyo ni sheria ya Masila niliyoishika. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa. Tuliicheza. Kichuma kikagongwa, ting, halafu pumzi, halafu wimbo wote, na mwisho, baada ya watu kuanza kupiga vigelegele, kichuma tena. Cha pili kilikuwa juu kuliko cha kwanza. Tone na nusu.

Mwende alikicheza mara tatu. Kisha akanong'ona, "Lakini chuma haiwezi kupanda."

Kwaya inaweza kupanda, mtu anaweza kupanda, lakini chuma hakipandi sauti. Kama kichuma kimepanda, basi kanda ndiyo iliyodanganya, na kwaya imepandishwa kwa kiasi kile kile cha uongo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuuvuta wimbo ushuke taratibu kwenye kompyuta mpaka kichuma cha mwisho kikalingana na cha kwanza. Mwende alifanya hayo vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Na wimbo uliotoka sijawahi kuusikia, ingawa niliurekodi mwenyewe. Hakuna mbio. Ni watu wanaoomba mvua bila kuwa na hakika kama itakuja, wakishika noti moja na kukataa kuiachia. Nililia, na sioni haya kusema.

Basi, vijana, mkinasa kitu acheni mwanzo na mwisho wake. Kile mnachokiona uchafu huenda ndicho kitakachomtetea mtu siku moja. Na mkiulizwa kama kazi ni sawa na hamna hakika, semeni hamna hakika. Ni maneno machache tu, na mimi yalinishinda.

Tulimkuta Mwalimu kwake, nje kidogo ya mji wa Wote, akichagua mbegu za pojo kwenye ungo. Ni mzee sasa, koti bado lile. Mwende aliweka spika mezani. Mimi sikungoja tuketi.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia ile kanda ya Mutomo ilikuwa mbovu. Ni betri zangu. Nilizianika."

Alinitazama mikono ikiwa bado ndani ya ungo. "Uliniambia kanda haidanganyi."

"Nilikuambia."

"Ulijua?"

"Nilijua nusu, Mwalimu. Ile ingine nilikataa kuijua. Naomba unisamehe."

Mwende akacheza. Mzee alisikiliza akitazama ukuta, na kwaya ilipovuta pumzi ya kwanza naye akavuta. Kidole kimoja kikaanza kutembea juu ya goti. Wimbo ulipoisha na kichuma kikalia mara ya pili, alisema, "Rudisha hapo." Mwende akarudisha. "Tena." Akarudisha tena.

"Walikuwa pale pale," akasema.

"Pale pale, Nau. Hakuna mtu alitoka."

"Mimi nimekuwa nikikaa benchi ya nyuma kanisani. Siimbi. Nasongesha mdomo tu, ndio nisiharibie watu." Kisha akanigeukia. "Fundi, mambo ya betri, hiyo ni kazi. Hata mimi nimeanika betri. Lakini kunyamaza, siwezi kukuambia ni kitu kidogo. Siwezi leo."

"Sawa, Mwalimu."

"Labda siku ingine."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye koti, akamwuliza binti yake kwaya yake hufanya mazoezi siku gani.

"Alhamisi, Nau. Saa kumi."

"Wanaanza saa kumi ama wanafika saa kumi?"

Mwende akacheka huku machozi yakimtoka. "Wanafika saa kumi na nusu."

"Waambie hiyo imeisha," akasema Mwalimu. "Mimi nitakuwa hapo saa tisa."